Shangazi, nimwache mtoto kwa bibi yake au niende naye Berlin?

Shangazi shikamoo,

Mimi ni Mama Mudi, nipo Makorora, Tanga. Mwanangu ni mmoja tu, wa kiume, anatimiza miaka miwili tarehe 8 Julai. Mume wangu amepelekwa na ofisi yake kwenye mafunzo Berlin, Ujerumani, na akimaliza ana likizo ya wiki moja. Amejibana miezi mingi ili nimfuate na Mudi. Tutafika Jumapili tarehe 28 Juni, mafunzo yakiwa yamebaki siku tano, halafu tutarudi wote tarehe 12 Julai. Mimi ndege sijawahi kupanda. Mbali nilikofika ni Mombasa, tena kwa basi.

Mama mkwe hataki. Anasema mtoto abaki kwake, kwani kule baridi, chakula hakijui, na hata akienda hatakumbuka kitu. "Mnaenda kumtesa mtoto wa watu," ndiyo kauli yake, na anaisema mbele ya wageni. Mudi bado ananyonya usiku. Mume wangu akiwa kwa mama yake anaitikia "ndiyo mama", akija kwangu ananionyesha orodha aliyoitengeneza kwenye simu: lango la Brandenburg, mabaki ya ukuta, bunge lenye kuba la kioo, Kisiwa cha Makumbusho, uwanja wa Olimpiki, Potsdam siku nzima. Nikimuuliza Mudi atalala saa ngapi, ananijibu, "Atalala kwenye kigari."

Wifi yangu naye yupo Hamburg mwaka wa sita. Amenitumia sauti ya dakika nne WhatsApp. Nisije nikambeba mtoto kwa kanga, nitawaaibisha. Ninunue kigari. Tena Mudi asilie kwenye treni, Wajerumani hawapendi kelele. Shangazi, Mudi ndiye bingwa wa kulia. Akinyimwa kitu anajitupa chini palepale, iwe sokoni, iwe msibani.

Hapa nyumbani nina dada ananisaidia. Kule siku tano za mwanzo mume atakuwa darasani, nami nitakuwa peke yangu na mtoto, lugha sijui, duka silijui. Nimefika mahali natamani kusema nendeni wenyewe. Nifanyeje?

Mama Mudi, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Mama mkwe na wifi wasubiri kidogo, tuanze na tiketi, maana hiyo ndiyo haingoji. Mtoto chini ya miaka miwili husafiri mapajani mwa mzazi kwa sehemu ndogo ya nauli, mara nyingi asilimia 10. Akishatimiza miaka miwili lazima awe na kiti chake. Sasa Mudi wako ataondoka Tanzania mchanga, atarudi mkubwa! Tarehe 12 Julai atakuwa ameshapita siku yake kwa siku nne. Mashirika mengine hudai kiti cha kurudi tu, mengine humkatia tiketi ya mtoto safari nzima. Baba yake aulize leo, na awatajie tarehe ya kuzaliwa bila kuzungusha, msije mkaambiwa habari hiyo uwanjani Berlin mkiwa na mabegi mikononi.

Karatasi nyingine ni nyepesi. Mudi anahitaji pasi yake mwenyewe na viza yake ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90, mtoto chini ya miaka 6 halipi. Bima ya safari lazima iwe ya matibabu yasiyopungua euro 30,000, na ya Mudi isisahaulike. Kwa kuwa baba ametangulia, aandike barua ya ridhaa kwamba mama anasafiri na mtoto kwa idhini yake, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa kwenye mkoba wa mkononi, usiipakie kwenye begi.

Haya. Nenda naye.

Ningekuwa na shaka kama Mudi angekuwa ameacha ziwa na amezoea kulala kwa bibi yake. Lakini mtoto anayenyonya usiku, umwamshe asubuhi mama hayupo, wiki mbili, hapo ndipo penye kuteswa. Na wewe utakaa Berlin na maziwa yamejaa unatazama lango la Brandenburg kwa machozi. Bibi anasema hatakumbuka kitu. Kweli hatakumbuka, ila na wewe ni mtu, na safari ni yako pia.

Usimtume mume akagombane na mama yake, kwani ameshaonyesha kwamba hawezi. Nenda mwenyewe, jioni asiyokuwa na wageni. Usifungue na habari ya Berlin. Mwulize alimpikiaje baba Mudi uji alipokuwa mdogo, unga gani na gani, andika. Kisha mwombe kanga moja ya mbeleko, kuukuu, iliyolainika, ya kumbebea mjukuu wake ugenini. Mwanamke aliyeombwa mbeleko atakupa mawaidha saa nzima, na wewe sikiliza yote. Ila ukitoka hapo mtoto atakuwa anasafiri, wala hakuna aliyeshindwa.

Nasema mbeleko makusudi, nikijua wifi yako atasoma. Binti yangu ameolewa Berlin, nami nimeshakwenda mara mbili kumlea mjukuu, zote majira ya joto. Siku ya kwanza niliona aibu hiyohiyo unayotishiwa. Siku ya pili tukapanda treni pale Kreuzberg, mbele yetu akasimama baba wa Kijerumani, ndevu hadi kifuani, amejifunga kitambaa kirefu kama cha kwetu na kichanga kimelala ndani yake. Wanauza vitambaa hivyo madukani, tena kwa bei ya kukuudhi. Kwa hiyo kanga zako tatu beba.

Kigari pia kichukue, lakini kile chepesi cha kukunja kwa mkono mmoja, na ukabidhi mlangoni mwa ndege usikipakie na mabegi. Njia za miguu za Berlin, hasa mitaa ya zamani, zimetandikwa vijiwe vidogo vidogo vya mraba. Magurudumu madogo yanatetemeka humo hadi mtoto anaongea kwa mawimbi. Mjukuu wangu alikuwa anaimba "aaaa" njia nzima ajisikie sauti inavyokatika. Vituo vingi vya treni za chini vina lifti, na lifti nazo huharibika kama zinavyoharibika popote. Siku lifti imegoma, mtoto panda mgongoni, kigari kunja kwapani, ngazi hizo. Mwenye kigari tu asiye na mbeleko atasimama pale chini anatazama juu.

Usafiri wenyewe utaupenda. Mtoto chini ya miaka 6 hapandi kwa nauli, kigari nacho bure. Kwenye basi unaingilia mlango wa kati, unafunga breki, na akija mwenye kiti cha walemavu unampisha. Tiketi yako ya karatasi igonge muhuri kwenye kile kisanduku kabla ya kupanda treni. Hakuna geti la kukuzuia, ndiyo maana wageni hudanganyika. Wakaguzi mara nyingi huvaa nguo za kawaida, na faini ni euro 60. Ukitoka uwanja wa ndege unahitaji tiketi ya kanda ABC, mjini AB inatosha. Panda treni tu. Teksi usiihangaikie, kwani mtoto kule lazima akae kwenye kiti chake cha gari, na si kila teksi inacho.

Sasa Jumapili. Umeandika mtafika Jumapili, nikashtuka kidogo. Ujerumani Jumapili maduka hufungwa: si genge, si supamaketi, si duka la pampas. Mwaka juzi mjukuu wangu aliharisha Jumamosi usiku, asubuhi tumebakiwa na pampas mbili, binti yangu yuko zamu. Nilizunguka mitaa minne nagusa vitasa vya milango kama mwizi. Aliyeniokoa ni jirani Mturuki, akanielekeza stesheni kuu, Hauptbahnhof, ambako maduka ya ndani hufunguliwa hata Jumapili. Basi baba Mudi Jumamosi hiyo ya tarehe 27 aende dukani anunue pampas, maji, mkate, mayai, ndizi, shayiri ya uji. Msije mkafika mkaanza kutafutana. Siku za kawaida pampas na vitu vya watoto utavipata kwenye maduka kama dm na Rossmann, yako kila mtaa, na dm nyingi zina meza ya kubadilishia mtoto. Kwa hiyo usijaze begi pampas za Tanga.

Chakula hakinitishi hata kidogo. Unga wa lishe beba paketi moja, ukiisha pika shayiri. Ugali utapikwa kwa unga wa mahindi wa maduka ya Waturuki, ni wa manjano lakini unashika. Waturuki wako wengi sana mjini, kwa hiyo nyama halali si ya kutafuta kwa tochi. Soko lao la Maybachufer, Jumanne na Ijumaa, lina bamia, mchicha wao, tikiti maji, kelele kama Mgandini. Peremende za dukani ndizo za kuangalia, nyingi zina jelatini ya nguruwe. Kutoka nyumbani usibebe nyama wala samli, haviruhusiwi kuingia. Mboga na matunda mengi yanataka cheti. Ndizi, nanasi, nazi na tende zimesamehewa. Embe haimo.

Baridi ya mama mkwe, mwezi wa saba, haipo. Kuna siku za joto kama Tanga na kuna siku za mvua na sweta, wakati mwingine ndani ya wiki moja. Kitakachokusumbua ni mwanga. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja tu, mwili hautajua. Lakini jua linazama saa 3 na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Mudi atakuambia usiku haujaingia, naye atakuwa na haki. Kanga mbili dirishani, bandika kwa gundi ya karatasi, chumba kiwe giza saa 2. Mimi nilifanya hivyo, mkwe wangu akacheka, kesho yake akaja kuomba gundi akabandike chumbani kwake.

Hizo siku tano za peke yako usiende kuona mji hata kidogo. Tafuta uwanja wa watoto ulio karibu na mnapokaa. Hutautafuta sana, Berlin imejaa viwanja vya watoto, katikati ya majumba, nyuma ya kanisa, kila penye kona. Mchanga, bembea, mara nyingine na bomba la kupampu maji kwa mkono, watoto wanachimba mifereji. Nunua ndoo na koleo la plastiki dukani. Nakuhakikishia Mudi hatajua kwamba kuna lango la Brandenburg. Asubuhi saa 3 mpaka saa 6 mchangani, chakula, usingizi wa mchana kitandani, jioni mchangani tena. Utawaona kina mama wa kule wamekaa mbali wanakunywa kahawa, mtoto wa mwaka na nusu anakwea kamba. Usipige kelele. Ndivyo wanavyolea. Vitu vya kuchezea vilivyoachwa mchangani watoto huchezea kwa pamoja, mradi mkiondoka mviache.

Na atalia. Mjukuu wangu alijitupa chini ndani ya treni kwa sababu nilibonyeza mimi kitufe cha mlango badala yake yeye. Behewa zima likawa linasoma simu. Bibi mmoja wa Kijerumani akainama, nikajiandaa kutukanwa. Alichotaka kujua ni kofia ya mtoto iko wapi, jua kali. Kofia ndiyo itakayokuletea maneno, si kilio. Jambo moja tu nikuonye kama mama yako: kule kumpiga mtoto, hata kibao cha kumnyamazisha, sheria imekataza tangu mwaka 2000. Mikono yako ikae mbali. Mbebe, shukeni kituo kinachofuata, mkae benchi mpaka yaishe. Treni nyingine inakuja baada ya dakika chache.

Homa. Hili lisome mara mbili na baba Mudi alisome. Mtoto akipata joto kali mkiwa huko, mwambie daktari kabla hajauliza kwamba mmetoka Tanga na kwenu kuna malaria. Wao malaria hawaioni kila siku, wanaweza kudhani mafua. Namba ya dharura ni 112. Kwa yasiyo ya dharura usiku au wikiendi kuna 116117. Kadi ya bima iwe karibu.

Sasa orodha ya mumeo. Nimeisoma, nikamwonea huruma. Ni orodha ya mwanamume ambaye mtoto kwake ni mzigo wa kubebwa na mtu mwingine, na Tanga mtu huyo yupo: wewe, dada, bibi. Berlin dada hayupo. Mwambie kabla hujapanda ndege, si mkiwa huko mmechoka: kitu kimoja kwa siku, asubuhi, na ikifika saa 7 mtoto yuko kitandani. Makumbusho ya sanamu na Potsdam aende peke yake siku moja, wewe ukiwa mchangani na Mudi. Siku nyingine yeye abaki mchangani, wewe uende unakotaka, hata kama ni kukaa mgahawani ukitazama watu. Hiyo siku yako iandikwe kwenye simu yake, pamoja na Potsdam.

Vingine vya orodha vinapatikana kwa kukaa kitako. Basi namba 100 linatoka Zoo hadi Alexanderplatz, la ghorofa, kwa tiketi ileile ya kawaida. Njiani unapita mnara wa ushindi, jengo la bunge, karibu na lango, hadi barabara ya Unter den Linden. Kigari kunja, mkae juu mbele. Kuba la bunge ni bure, ila lazima mjiandikishe mapema kwa majina na mwende na pasi. Mudi atapenda ile njia inayopanda kwa kuzunguka.

Kitu kimoja nataka mwende wote watatu: makumbusho ya viumbe asilia, kituo kinaitwa Naturkundemuseum. Jumatatu wanafunga. Ndani ya ukumbi wa kwanza amesimama yule mjusi wa Tendaguru, mifupa iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na watu wetu vichwani hadi pwani. Urefu wake kwenda juu umepita mita 13. Mjukuu wangu alilala chali sakafuni ili amwone kichwa. Mimi nilisimama pale nikashindwa kujua nifurahi au nikasirike. Kuna Mtanzania mwenzangu tusiyefahamiana alikuwa ubavuni, akaniambia, "Mama, huyu ni wa kwetu, na tumelipa kiingilio." Mkitoka, mkiwa na nguvu, treni ya chini ya U6, inayopita kituo hichohicho, inawafikisha mtaa wa Wedding. Kule kuna barabara iliyokuwa na jina la yule mkoloni Carl Peters, na tangu 2024 kipande chake kinaitwa Maji-Maji-Allee. Mpige picha baba Mudi chini ya kibao, atawaonyesha ofisini. Jirani yake kuna bustani ya Rehberge yenye nguruwe mwitu nyuma ya uzio, na hao ndio Mudi atakaowasimulia.

Tarehe 8 Julai itaangukia Jumatano, baba akiwa likizo. Msimpeleke mgahawani. Nendeni Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 ukageuzwa bustani. Njia ya kurukia ndege bado ipo, pana, nyoofu, hakuna gari, hakuna ngazi, bure. Mwachie akimbie. Baba yake amfuate, maana baiskeli zipo, na mtoto wa miaka miwili haangalii nyuma. Wewe tandika kanga ya mama mkwe kwenye majani, kaa, umrekodi video umtumie bibi yake: mjukuu anakimbia, kofia kichwani. Wifi naye mtumie.